Imekubali

Kwanza kabisa, hakukuwa na mbuzi.

Nasema hivyo kwa sababu habari ya mimi, baba mkwe na chenso yangu (msumeno wa injini) iliyofika Kibirizi, hapa Kigoma, ina mbuzi ndani yake, tena mwenye mimba, na jana mama mmoja muuza dagaa aliniuliza kwa huruma kama mbuzi kapona. Ya Mwanga, mtaani kwangu, haina mbuzi, ila inasema nilimmwagia baba mkwe dumu zima la mawese kwa kinyongo cha mahari. Mahari nilishamaliza, mashahidi wapo. Na halikuwa dumu. Kilichotoka kwenye ile mashine hakizidi nusu kikombe cha chai. Shida ni kwamba kilitoka chote kwa mara moja.

Aliyesambaza nitamwita Redio. Jina lake silitaji kwa sababu ana hela yangu na nataka anilipe, lakini kama unaishi Kigoma na una masikio, unamjua. Ni rafiki yangu tangu utoto wa kuogelea na suruali kichwani. Siku ile ndiye aliyenisaidia kubeba mashine, ndiye aliyenipa ushauri ulioniponza, na ndiye aliyekuwa ameshika simu anarekodi. Mtu mmoja, vyeo vitatu, na nauli nilimlipia mimi.

Basi sikilizeni, kisha kila mtu achague upande.

Mnaonifuata mnajua mimi ni seremala. Miaka yote gogo likija nampigia mtu wa chenso, anakuja kwa saa anayotaka yeye, anapasua kwa unene anaoutaka yeye, namlipa, anaondoka, mimi nabaki na mbao zenye tumbo katikati kama mtu aliyekula pilau ya jana. Mwezi uliopita nikasema basi. Nikachukua zamu yangu ya kikoba, nikauza na jenereta, nikanunua chenso yangu mwenyewe. Mpya. Bapa la inchi 36, yaani lile jichuma refu ambalo cheni inalizunguka. Bei siandiki, mke wangu anasoma humu.

Sasa, mimi si mtu wa kununua kitu nikakirukia. Ndiyo sababu kisa hiki kinaniuma. Kama ningekuwa mzembe ningekubali yaishe. Mimi nilifuata kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuja kwa lugha za dunia nzima isipokuwa yetu. Nikamwita mpwa wangu wa kidato cha nne, tukakaa barazani jioni tatu mfululizo, yeye anasoma, mimi naandika kwenye daftari la mraba. Petroli lita moja, oili ya 2T mililita 20. Watu wengi huku wanakadiria kwa macho, wanachanganya hadi rangi iwe "nzuri". Mimi nilikwenda duka la dawa nikanunua bomba la sindano. Muuzaji akaniuliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia ni mashine. Akanirudishia chenji polepole, ananiangalia.

Kitabu kikasema matangi matatu ya kwanza usiipigie resi za juu ikiwa haina mzigo, kwa kuwa pistoni na ringi bado hazijazoeana na silinda. Nikatii. Nilikuwa nakata kuni laini za mwembe nyuma ya nyumba, kidogo kidogo, napumzika. Ikifanya kazi nzito, usiizime ghafla, iache sailensa, yaani iungurume bila resi, kidogo ipoe. Nikatii. Cheni mpya hunyooka, kwa hiyo kila mara uzime, uiache ipoe, uangalie kama imelegea, ukaze. Nikatii hadi vidole vikaota sugu. Kazi ikiisha uilegeze tena, maana ukiiacha imekazwa na moto, ikipoa inasinyaa na kuivuta shafti. Nililegeza. Eya klina, kile kichujio cha hewa, nilikuwa naipiga brashi kila jioni kwa mswaki. Mpya, si ule wa zamani wa mtoto kama Redio anavyodai.

Na kabla ya yote hayo cheni nililaza usiku kucha ndani ya oili, iloweke. Kwenye sufuria. Hapo sitaongeza neno, kesi ya sufuria bado iko mezani.

Mke wangu alivumilia hadi siku ya nne. Akasimama mlangoni mkono kiunoni, akaiangalia chenso imelazwa juu ya gunia safi, imefunikwa khanga yake, akasema, "Baba Zuu, mimi nilipojifungua, siku ya tatu uliniuliza chakula kiko wapi. Hii ina arobaini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kupiga brashi eya klina.

Halafu kwenye daftari langu kulikuwa na mstari mmoja ambao niliupigia wino mwekundu mara mbili. Mpwa wangu aliusoma hivi: kabla ya kuanza kazi, hakikisha cheni inapata oili, elekeza ncha ya bapa kwenye kitu cheupe, vuta resi, ukiona mstari wa oili umejichora pale, cheni inakunywa vizuri. Cheni ikikauka huku unapasua mti mgumu, bapa linaungua, cheni inaisha, na pesa ya kikoba inapanda mbinguni kwa moshi.

Kitu cheupe. Mnanisikia? Yaliandikwa na wenye mashine, mimi sikuyatunga.

Sasa baba mkwe, anakaa Ujiji, akasikia nina chenso. Yeye alikuwa na gogo la mninga limelala uani kwake, chini ya mwembe, limetoka pande za Uvinza na kibali chake na alama ya nyundo ya misitu kichwani. Gogo la haki. Refu hatua zangu nne, unene unanifika mapajani. Alilinunua kwa ajili ya kitanda na milango ya shemeji yangu anayeoa. Akaniita, akasema kwa ule upole wake, "Mkwe, kwa nini nimwite mtu wa nje wakati mwanangu ana mashine?"

Mwanangu. Alisema mwanangu. Nikaongeza mabega. Nikamwambia, "Baba, Ijumaa asubuhi. Na nitakuja na cheni ya kupasulia."

Nilitamka "ya kupasulia" kwa madaha, na nilikuwa na sababu. Cheni ya kawaida ya kukatia mti kwa kuupinga, meno yake hupigwa tupa kwa nyuzi 30 hivi. Ya kupasulia kwa urefu meno yanapigwa nyuzi 10, karibu yaangalie mbele moja kwa moja, ndiyo maana mbao inatoka na uso laini. Nilikaa siku mbili na tupa ya mviringo na kile kikongozi chake, jino baada ya jino. Baba mkwe alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza hotuba. Leo najua alikuwa ananihurumia.

Ijumaa ikafika. Usiku mvua ilinyesha, asubuhi ile baridi ya ziwani inayokufanya utafute sweta. Mimi na Redio tukapanda bajaji, chenso katikati yetu kama mgonjwa, tukashuka Ujiji saa 3. Nikafungua mfuko. Petroli iliyochanganywa, ipo. Tupa, ipo. Uzi wa kupigia mstari, upo. Kabari, zipo. Oili ya cheni...

Oili ya cheni iko Mwanga. Iko juu ya meza. Naiona mpaka leo nikifumba macho, chupa nzima, kifuniko chekundu, imekaa pembeni ya sufuria ile.

Mtu mwenye akili angesema samahani, narudi. Bajaji kwenda na kurudi haifiki saa moja. Lakini uani pale kulikuwa na mama mkwe, mashemeji watatu, majirani wametoa mikeka, na watoto wasiohesabika. Kuna mzee mmoja aliyewahi kuwa mpasuaji wa msumeno wa watu wawili, mmoja juu mmoja shimoni, amekuja na kigoda chake kabisa akakaa mbele. Umati wa namna hiyo huuambii "narudi".

Nikamnong'oneza Redio. Redio akanong'ona, "Tia oili chafu ya pikipiki." Nikakataa. Oili chafu ina vyuma vilivyosagika ndani yake, inaua pampu, na inachafua mninga. Nilisema hayo kwa sauti kidogo ili yule mzee wa kigoda asikie.

Redio akafikiri. Na mimi nikamwachia afikiri, hilo ndilo kosa langu. Akasema, "Mawese."

Nikacheka. Akasema, "Unacheka nini? Mawese si mafuta? Hayana vyuma. Yanatoka kwenye tunda. Wewe umeona bawaba ngapi mjini hapa zinapakwa mawese?" Nikasema bawaba siyo mashine. Ndipo akanipiga pale penye udhaifu wangu, kwenye historia. Akasema, "Liemba je?"

Kwa wasio wa huku: meli ya Liemba Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, walizipaka injini grisi nzito kwanza. Ikalala majini mpaka Waingereza wakaiinua mwaka 1924, injini zikakutwa bado nzima, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya. Kila mtoto wa Kigoma amelishwa hadithi hiyo na uji. Redio akasema, "Chuma kikipata mafuta mazito hakifi. Hii ni Kigoma, tuna ushahidi unaoelea."

Naomba mnihukumu, lakini muihukumu na saa yenyewe: saa 3 na nusu, watu wamekaa, na rafiki yako anakupa hoja yenye tarehe.

Shemeji mdogo akatumwa jikoni. Akarudi na dumu la lita tano la mama yake. Mawese yalikuwa yameganda kwa baridi, rangi ya chungwa, mazito kama uji wa mgonjwa. Hayamwagiki, yanasukumwa. Nikatumia kijiko na kijiti, nayashindilia kwenye tundu la oili kama mtu anayejaza soseji. Mama mkwe akasimama kwa mbali, khanga mdomoni. Yeye hasemi na mimi moja kwa moja, heshima ni heshima. Akamwambia mwanawe, "Muulize shemeji yako, hiyo mashine inakula na nini, ugali au wali?"

Nikawasha. Choki, vuta, vuta, kikohozi. Rudisha choki, vuta, ikakamata. Sauti nzuri, nene. Watoto wakarudi nyuma hatua kumi. Nikaiacha sailensa ipate joto kama kitabu kinavyosema. Kisha nikatafuta kitu cheupe.

Tazameni uani kwa baba mkwe. Ukuta umepakwa udongo mwekundu. Khanga za akina mama, rangi zote isipokuwa nyeupe. Mikeka ya rangi. Ardhi imelowa. Nikamwambia shemeji mdogo atafute karatasi, akaleta boksi la sabuni, la kahawia. Nikalielekezea ncha, nikavuta resi kidogo. Hakuna. Nikavuta tena. Boksi kavu. Nikagusa bapa, limeanza moto na halina hata tone.

Mafundi mnaosoma mmeshajua. Mawese yameganda, pampu inanyonya hewa. Mimi wakati ule nilidhani pampu imebanwa. Chini ya tumbo la mashine kuna skrubu ndogo ya kuongeza na kupunguza oili. Nikazima, nikaigeuza mashine, nikaifungua ile skrubu. Robo. Nusu. Nikaona ya nini ubahili, nikaifungua hadi mwisho.

Nikawasha tena, nikaiacha iungurume. Dakika tano. Saba. Injini ikapata moto vizuri, moto ukashuka kwenye tangi la oili. Na polepole harufu ikaanza kutoka. Si harufu ya mashine. Harufu ya mawese yanayopata moto, ile ya saa 6 mchana, ya dagaa wanaongoja kutumbukizwa. Paka wa jirani akatokea juu ya ukuta. Mtoto mmoja akauliza kama tayari. Yule mzee wa kigoda akavuta pumzi ndefu, akasema, "Kitunguu bado."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia. Kwenye video nasikika nacheka. Ni kicheko changu cha mwisho wiki ile.

Sasa polepole. Sehemu hii mmeiona kwa sekunde tisa, mimi nimeiishi kwa mwaka.

Nimesimama, miguu imepanuka, mashine mikononi, nimeipa mgongo nyumba. Mbele yangu boksi la sabuni limeegemea gogo. Nimeshaamua: nitavuta resi moja ya haki, ya juu, ikigoma nazima narudi Mwanga kwa bajaji, liwalo na liwe. Kidole kiko kwenye kitufe cha resi. Nyuma yangu mlango unalia. Sikuusikia, nimeusikia kwenye video. Baba mkwe anatoka.

Ni Ijumaa. Ana swala, na baada ya swala kuna akdi ya ndoa mtaa wa pili, naye ni shahidi. Kwa hiyo amevaa ile kanzu. Mnaomjua mnaijua. Ni ile aliyotumiwa na mwanawe kutoka Maskati, ina kishada shingoni, imepigwa pasi hadi ina kingo, nyeupe ya kuumiza macho. Kofia nayo nyeupe. Viatu mkononi kwa sababu ya tope. Ametoka kuniona mimi, mwanawe, kabla hajaondoka. Alitaka kuniombea dua.

Anasema, "Asalaam alaikum."

Mimi ni mtu niliyelelewa. Mkweo akikusalimia, unageuka. Unageuka mwili mzima, si shingo. Nikageuka. Mashine ikageuka na mimi, kama mtu aliyejitwisha ngazi anapoitwa jina lake. Na nilivyogeuka, mkono ukajibana. Kidole kikashuka hadi mwisho.

Mashine ikalia.

Na mawese, yaliyokuwa yameganda asubuhi nzima, yaliyokuwa yamekaa pale tumboni yanajiyeyusha taratibu, na skrubu iko wazi hadi mwisho, yakasema sasa.

Nimeiangalia video ile picha kwa picha. Unaona kwanza ncha ya bapa inang'aa. Kisha unaona kitu kama uzi wa rangi ya chungwa umenyooka hewani kutoka nchani, hatua tatu nzima, umetulia kabisa, kama umepigwa kwa rula. Baba mkwe bado anatabasamu. Ule uzi unaanzia bega la kulia. Unashuka. Mimi bado nageuka kwa hiyo na wenyewe unasafiri, unapita kwenye kile kishada, unapita kifuani, unapita mfukoni ambamo kuna bahasha ya akdi, unaishia kiunoni kushoto. Tone la mwisho, pekee, linakwenda kivyake na kutua kwenye kofia.

Mstari safi. Unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kupiga mstari ulionyooka vile kwenye mbao.

Na hapa, ndugu zangu, ningependa kuwaambia nilipiga kelele, au niliangusha mashine, au nilizirai. Hapana. Ubongo wangu ulikuwa umekaa na lile daftari siku nyingi mno. Macho yaliona kitu cheupe. Yaliona mstari. Na mdomo ukafunguka wenyewe, kwa furaha, kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto wa kiume, nikasema:

"Alhamdulillahi! Imekubali!"

Hilo ndilo lililoniua. Mawese yangesameheka. Ajali ni ajali. Lakini mtu umemchora mkweo kutoka bega hadi kiuno kisha unamshukuru Mungu.

Kimya. Mashine inaunguruma sailensa. Baba mkwe akajitazama. Akagusa mstari kwa kidole, akanusa. Akamtazama mkewe. Akaniuliza, kwa sauti ileile ya upole, "Ni mawese?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Ya nyumbani?"

"Ndiyo, baba."

Akaingia ndani.

Yaliyofuata nayapitisha haraka kwa sababu hayana faida kwa afya yangu. Nilizima. Mama mkwe alisema neno moja la Kiha ambalo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Kanzu ikapigwa sabuni ya mche, ikapigwa limau, ikapigwa majivu, mstari ukafifia ukawa rangi ya chungwa hafifu. Baba mkwe akaenda msikitini na kanzu ya mdogo wake, ambaye ni mfupi, kwa hiyo shahidi wa ndoa alionekana ndevu nyeupe juu na magoti kidogo chini. Gogo halikupasuliwa. Nilirudi Mwanga. Redio hakupanda bajaji na mimi, alisema ana shughuli. Shughuli yenyewe mnaijua, mliipokea kabla ya adhuhuri.

Ujiji imeona makutano. Pale pale chini ya miembe mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone, watu wakaweka na kumbukumbu. Nina wasiwasi na mimi nitawekewa.

Sasa "imekubali" imekuwa salamu. Makondakta wananiambia. Mwanafunzi wangu wa useremala juzi alifunga droo, ikaingia, akasema kwa sauti ya chini "imekubali," kisha akakimbia. Mtu mmoja mzima, baba wa familia, ameandika maneno hayo kwenye mdomo wa mtumbwi wake. Kwa rangi ya chungwa.

Jumamosi nilimpelekea mashine yule mzee wa kigoda, kwa kuwa baadaye niligundua mwanawe ni fundi wa chenso. Wakafungua bapa, wakanionyesha. Lile tundu dogo linalopeleka oili kwenye cheni limeziba kwa utando mzito kama nta. Kichujio cha tangi nacho vilevile. Mwana akasema mafuta ya kula yanaweza kulainisha kwa muda, wapo wanaotia, lakini yakikaa yanakuwa gundi, na mawese kwa baridi ya asubuhi ndiyo usiseme. Tukaosha tangi kwa petroli mara tatu, tukasugua mfereji wa bapa, tukaligeuza juu chini, kwa sababu linatakiwa ligeuzwe kila mara lisilike upande mmoja. Skrubu nikairudisha katikati. Baba mtu hakusema kitu hadi mwisho. Akaniuliza tu, "Kwani chini ya mwembe ule si kulikuwa na unga wa muhogo umeanikwa? Mweupe pee."

Ulikuwepo. Kwenye video unaonekana. Ungo mbili.

Jumatatu simu ikalia, baba mkwe. Niliiangalia ikalia hadi ikakata. Ikalia tena. Nikapokea nimesimama. Akasema, "Mkwe, shemeji yako anaoa mwezi ujao atalala chini?" Nikasema nakuja baba. Akasema, "Njoo na oili."

Nilikwenda peke yangu, alfajiri, kabla ya watu. Chupa ya oili nimeifunga kwenye mkono kwa kamba, siyo utani. Nikaingia uani kichwa chini. Gogo lilikuwa palepale. Na kwenye tawi la mwembe, juu kidogo ya gogo, kanzu imetundikwa kwa henga. Ile ile. Imefuliwa, imepigwa pasi, mstari wake kifuani.

Baba mkwe ametoka, amevaa kaunda suti ya kahawia iliyokolea. Ya kahawia na kofia. Nikamwamkia shikamoo, bila kugeuka na kitu chochote. Akaitika marahaba, akanyoosha kidole kwenye tawi.

"Kitabu kinasema cheupe," akasema.

Nikataka kukataa. Akabaki amenyoosha kidole. Nikajaza oili, nikawasha, nikaiacha ipate moto. Akasogea nyuma yangu kabisa, nikamsikia anakanyaga majani hadi nyuma ya shina la mwembe. Nikaelekeza ncha kwenye kanzu ya Maskati, nikavuta resi. Mstari mwembamba, mweusi kidogo, ukapita juu ya ule wa chungwa ukafanya alama ya mkasi.

Nikarudisha sailensa. Nyuma ya mwembe sauti ya upole ikauliza:

"Imekubali?"